Kumlea Mtoto Aliyeumizwa Mapema: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walezi wa Moshi na Arusha

Majibu haya ni kwa ajili ya watu wanaolea watoto ambao maisha yao yalianza kwa mateso, njaa, kutelekezwa au msiba: bibi anayelea wajukuu Kibosho, mama mdogo wa Sakina aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake, wanandoa waliopokea mtoto kupitia Ustawi wa Jamii, na akina mama walezi katika makao ya watoto yaliyoenea kuzunguka miji yetu miwili. Hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mtoto wako kwa macho yake.

Mtoto mwenye kiwewe ni mtoto wa namna gani?

Ni mtoto aliyepatwa na jambo la kutisha kupita uwezo wake wa kulihimili, tena wakati ambao hapakuwa na mtu mzima wa kumkinga wala wa kumtuliza. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Watoto wawili wanaweza kunusurika katika ajali moja ya basi. Yule aliyepakatwa na mama yake usiku ule akarejea hali yake baada ya majuma machache, na mwenzake aliyelala wodini bila ndugu akabaki na hofu kwa miaka. Kwa hiyo, pamoja na kipigo na ukatili wa kingono, tunahesabu pia kushuhudia mama akipigwa, kulala njaa kwa muda mrefu, kufungiwa ndani mchana kutwa, kufiwa, na kuhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba bila kuelezwa sababu.

Watoto hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike kwa wa kiume, walipitia ukatili wa kimwili.

Mambo hayo yalimpata akiwa hajatimiza hata miaka miwili, hawezi kuyakumbuka. Mbona bado yanamsumbua?

Ni kweli hatayakumbuka kwa namna ya kuyasimulia. Lakini sehemu ya ubongo inayotambua hatari huanza kazi mapema sana, kabla ya ile inayotunza kumbukumbu za matukio haijakomaa, na mtoto mchanga aliyelia mara nyingi bila kuitikiwa hujifunza kwamba kulia hakuna faida. Aliyeumizwa na mikono iliyopaswa kumbeba hujifunza kwamba mtu mzima akikaribia, maumivu yanakaribia. Mwili nao huzoea kuishi na homoni za tahadhari, mojawapo ikiwa kotisoli, na homoni hizo zikikaa juu kwa muda mrefu huvuruga usingizi, hamu ya kula, umakini darasani na hata kinga ya mwili. Mtoto huyo ni kama mbwa aliyelinda nyumba iliyovamiwa mara nyingi, ambaye sasa hubweka hata jani likidondoka.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili ulitoka Romania. Utawala wa nchi hiyo ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilishuhudia maelfu ya watoto waliokulia katika vituo vya serikali, wakilishwa na kuogeshwa, lakini wasiwe na mtu waliyeweza kumwita wao. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya jijini Bucharest: nusu yao walipangwa kwa bahati nasibu kwenda kulelewa katika familia, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo. Waliopelekwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na katika mambo kadhaa waliofaidika zaidi ni wale waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Wapo walezi ambao wakisikia habari hii hukata tamaa, kwa kuwa wao wamempokea mtoto akiwa na miaka mitano au minane. Wasikate tamaa, kwa sababu waliochelewa kuhamishwa nao walinufaika. Kuchelewa kunapunguza faida fulani, hakuzifuti zote.

Kwa upande wa nyumbani, maana yake ni hii: mtoto akilipuka bila sababu unayoiona, chunguza kilichotangulia. Inaweza kuwa harufu ya pombe, bati lililogongwa, mwanamume mwenye koti zito, au umeme uliokatika ghafla saa mbili usiku. Weka daftari dogo jikoni na uandike saa, mahali, waliokuwapo na kilichotangulia. Baada ya muda mwenendo huanza kuonekana, na mambo mengine huondoka kwa hatua ndogo tu, kama vile kuweka taa ya sola karibu na kitanda chake.

Tunampa chakula cha kutosha. Kwa nini anaficha ugali chini ya godoro?

Kwa sababu tumbo lake limeshiba lakini hajaamini kwamba kesho kutakuwa na chakula tena. Mtoto aliyewahi kulala njaa siku nyingi hufanya hesabu ambazo watoto wengine hawazifanyi: nani amepakua, kimebaki kiasi gani, mtu mzima ana hasira au hana. Kuficha chakula ni akili ileile iliyomfikisha mikononi mwako akiwa hai, na ndiyo maana kumwita mroho mbele ya watoto wenzake kunamuumiza na hakubadilishi kitu.

Walezi waliofanikiwa hufanya mambo yanayofanana. Mlo huliwa kwa saa zilezile kila siku, na mtoto huambiwa asubuhi kitakacholiwa mchana na jioni. Kunakuwa na kikapu au bakuli linalojulikana kuwa ni lake, lenye ndizi mbivu, viazi vitamu au karanga, analoruhusiwa kulifikia bila kuomba, na mlezi hulijaza mbele ya macho yake. Vyakula vinavyooza chini ya godoro hutolewa kimyakimya na mahali pake hupewa kopo lenye kifuniko. Mlezi mmoja aliniuliza kama huko si kumdekeza. Jibu langu ni kwamba kumnyima chakula cha jioni kama adhabu, kwa mtoto wa aina hii, ni kuthibitisha hofu yake yote kwa usiku mmoja. Kuficha huku hupungua polepole na huweza kurudi ghafla siku ya safari, ya msiba au ya wageni wengi.

Anaiba na kudanganya hata ushahidi ukiwa mkononi mwake. Je, hii si tabia mbaya tu?

Huenda ni tabia mbaya. Watoto wote hudanganya. Lakini mtoto aliyeishi na mtu mzima asiyetabirika alijifunza kwamba ukweli ulileta kipigo papo hapo na uongo ulikiahirisha, hata kama ni kwa dakika moja, na dakika moja kwake ilikuwa na thamani. Usimwulize swali ambalo jibu lake unalo tayari. Badala ya "Nani amechukua hela?", sema: "Shilingi elfu mbili zilizokuwa kabatini zimechukuliwa, na nimeona umenunua visheti. Tutazungumza jinsi ya kuzirudisha." Kisha azirudishe kweli, kwa kazi anayoiweza, mkiwa pamoja, na jambo liishie hapo, lisisimuliwe tena siku ya sikukuu mbele ya wajomba. Na hela zisiachwe ovyo. Kumwekea mtoto mtego ili umnase ni kazi isiyo na faida.

Anamkumbatia kila mgeni anayeingia getini, lakini mimi niliyemlea ananikwepa. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Watu husifu uchangamfu wa mtoto anayemrukia mgeni na kumshika mkono, na katika makao mengi ya watoto ya Arusha na Moshi uchangamfu huo huonekana kuwa dalili ya furaha. Mtoto mdogo aliye na mtu wake hufanya kinyume: humtazama mgeni, hujificha nyuma ya kanga ya mama, kisha husogea taratibu. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi husomwa duniani kote, aliona jambo hilo hapa jirani, Uganda, miaka ya 1950, alipokuwa akiwatembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao majumbani: mtoto anayemwamini mama yake humtumia kama kituo cha kuondokea na kurudia.

Mtoto asiyekuwa na kituo hicho hujifunza kumpendeza kila mtu kwa haraka, kwa kuwa hajui nani atabaki. Hapa lazima tuseme wazi kuhusu wageni wa kujitolea, ambao huja kupanda Kilimanjaro au kwenda Serengeti, wakakaa majuma mawili katika makao, wakabeba watoto mgongoni, wakapiga picha, wakaondoka. Nia yao huwa njema. Kwa mtoto aliyekwisha kuachwa mara kadhaa, hata hivyo, kila kuondoka ni kuachwa kwingine. Ikiwa unaendesha makao, wageni wafundishe walimu, wapake rangi kuta, wachimbe bustani. Kumlisha, kumwogesha na kumlaza mtoto kubaki kazi ya watu walewale wa kila siku.

Kwa nyumba ya kawaida, kanuni ni hiyohiyo: kwa miezi ya mwanzo, chakula, dawa, kuoga na kufariji akiumia vitoke kwa mlezi mmoja au wawili tu. Shangazi na majirani wanaweza kucheza naye, lakini akianguka, aletwe kwako. Akikukwepa usimfuate kwa kumbatio. Kaa karibu ukichambua mchele, mwache akae mkono mmoja au miwili kutoka kwako, na umsuke nywele siku atakayokubali.

Jambo moja zaidi, ambalo familia nyingi za mjini hazilioni: kama mtoto amelelewa zaidi na dada wa kazi, kuondoka kwa dada huyo ni msiba kwake. Asiondoke alfajiri mtoto akiwa usingizini. Waagane, mtoto alie, na wewe uwepo wakati analia.

Alikuwa mtulivu kwa miezi mitatu, sasa amegeuka. Kwa nini?

Mara nyingi utulivu wa mwanzo ni wa mgeni. Anapoanza kuhisi kwamba huenda akabaki, ndipo anapojaribu kujua kama utamfukuza akiwa mbaya, na hulifanya jaribio hilo kwa mtu anayemtegemea zaidi. Ni hatua ngumu, na watoto wengi hurudishwa walikotoka katika kipindi hikihiki.

Anazubaa, macho yanabaki wazi, ukimwita hasikii. Jirani anasema ni mapepo.

Yapo mambo mawili ya kuyatofautisha kwanza, na yote mawili yana msaada. La kwanza ni kifafa. Si kila kifafa ni cha kuanguka na kutoa povu. Kipo cha kuzubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, kope zikipepesa, mtoto akirudi na kuendelea na alichokuwa akikifanya. Hicho kinatibika kwa dawa, hivyo mtoto apimwe hospitalini, na ukiweza kumrekodi kwa simu wakati anazubaa, daktari atasaidika sana. La pili ni namna ya akili ya mtoto kuondoka mahali ambapo mwili hauwezi kuondoka. Mtoto aliyepigwa au kunajisiwa bila pa kukimbilia hujifunza kujitoa ndani ya tukio, na baadaye hujitoa hata kwa kelele ya kawaida, kama mwalimu akipandisha sauti.

Akizubaa kwa namna hiyo ya pili, usimtikise wala kumpigia makofi usoni. Mwite kwa jina lake kwa sauti ya chini, mwambie wewe ni nani, yuko wapi na kwamba ni mchana, mpe kikombe cha maji baridi akishike au mwache aguse majani na udongo. Atarudi.

Kuhusu maombi: familia nyingi za huku ni za watu wa ibada, na mtoto anayeombewa kwa upole, ameketi mapajani mwa bibi yake, hupata utulivu wa kweli. Tunachokipinga ni maombezi ya kumshika mtoto kwa nguvu, kumpigia kelele, kumfungisha chakula au kumwambia kwamba ndani yake kuna kitu kiovu. Mtoto aliyeteswa tayari anaamini kwamba ubaya uko ndani yake. Asisikie hivyo tena kutoka madhabahuni. Wachungaji na mapadre wengi wakielezwa hilo faragha hulielewa.

Ana miaka tisa na bado anakojoa kitandani.

Mpeleke kwanza akapimwe mkojo na sukari, na umwambie daktari kama anapata choo kigumu, kwa sababu maambukizi, kisukari na kufunga choo huleta tatizo hilo kwa mtoto yeyote. Kama hakuna ugonjwa, tandika nailoni chini ya shuka, weka nguo kavu karibu, mpeleke msalani kabla ya kulala, na umfundishe kubadilisha shuka bila mahubiri. Godoro lianikwe nyuma ya nyumba. Kumzungusha kikojozi mtaani, kama ilivyozoeleka zamani, ni ukatili, na hakujawahi kukausha shuka ya mtu.

Je, nimchape? Sisi wote tulichapwa na tukawa watu.

Swali hili huulizwa kwa ukali kuliko mengine, nalo linastahili jibu lisilo la dharau. Tuliochapwa na mama aliyetulisha, aliyetuuguza na aliyetusubiri mlangoni tulikuwa na akiba ya imani iliyofidia fimbo. Mtoto unayemzungumzia hana akiba hiyo. Kwake mkono ulioinuliwa haubebi somo, unabeba kumbukumbu. Akiogopa kiasi hicho, sehemu ya ubongo inayofikiri na kupima matokeo hushindwa kufanya kazi, kwa hiyo ataganda, atacheka cheko lisilo na maana ambalo utalichukulia kuwa kiburi, au atakurukia. Siku inayofuata atarudia kosa lilelile, nawe utaongeza idadi ya fimbo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inasema kwamba adhabu haiwezi kuhalalishwa ikiwa imepita kiasi kwa kuzingatia umri na hali ya mwili na akili ya mtoto, wala ikiwa mtoto hawezi kuelewa madhumuni yake. Mtoto mwenye kiwewe yumo ndani ya maneno hayo moja kwa moja.

Kuacha fimbo si kuacha adabu. Nyumba iwe na masharti machache yanayotamkwa mapema, yasiyobadilika kwa kuwa leo baba amechoka. Akivunja kikombe kwa hasira, mngojee atulie, na kutulia kunaweza kuchukua nusu saa. Keti naye, usimfungie chumbani peke yake, kwani kumtenga kunamrudisha kule kule alikotelekezwa. Kisha afagie vipande pamoja nawe, na aseme alichokitaka kabla hajarusha. Ni kazi ndefu kuliko viboko vitatu.

Na shuleni, ambako fimbo ipo?

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kuandikwa kwenye daftari maalumu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike. Mlezi anayejua hivyo ana la kuzungumza akifika ofisini. Nenda kabla ya tatizo, si baada yake. Huna haja ya kusimulia historia ya mtoto, ambayo ni mali yake na itafika uwanjani kabla ya mapumziko, inatosha kumwambia mwalimu wa darasa: "Mtoto huyu alipata matatizo makubwa akiwa mdogo. Sauti kubwa humgandisha. Naomba aketi mahali anapouona mlango, na akifanya kosa, nipigie simu siku hiyohiyo."

Kuhusu bweni, mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku mabweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, na kwa watoto tunaowazungumzia hapa ningeomba wazazi wasiwe na haraka hata baada ya darasa hilo. Bweni kwa mtoto aliyekwisha kuachwa hueleweka kwake kwa namna moja tu.

Mama yake alifariki. Tumemwambia amesafiri, atarudi. Tulifanya vizuri?

Mlifanya kwa huruma, lakini mwambieni ukweli mapema. Mtoto anayeambiwa mama amesafiri hukaa akisubiri, na kila mwezi unaopita humfikisha kwenye hitimisho baya kuliko kifo: kwamba mama anaweza kurudi lakini hataki. Wengine huamua kwamba waliufukuza uhai wa mama kwa utundu wao. Isitoshe, atausikia ukweli kwa mtoto wa jirani, katikati ya ugomvi wa mpira.

Amwambie mtu anayemwamini zaidi, mchana, nyumbani, kwa maneno yasiyo na mafumbo. "Mama yako alikuwa anaumwa sana. Madaktari walijaribu, hawakuweza kumponya. Amekufa. Mwili wake haupumui tena wala hausikii maumivu, na hatarudi. Si kosa lako. Mimi ndiye nitakayekaa nawe." Imani ya familia kuhusu mbinguni inaweza kufuata, lakini isitangulie wala isifunike neno "amekufa", kwa sababu mtoto wa miaka minne akiambiwa mama "amelala", ataogopa kulala. Tegemea kwamba ataenda kucheza baada ya dakika kumi kisha aulize tena kesho na keshokutwa. Hivyo ndivyo watoto wanavyoomboleza.

Familia za Kichagga zina jambo la msaada hapa, kwa kuwa ndugu wengi huzikwa kihambani, karibu na nyumba. Desemba, ukoo unaporudi nyumbani, mpelekeni mtoto kwenye kaburi la mama yake, asafishe majani, aweke ua, asikie wajomba wakisimulia mama alivyokuwa mcheshi. Apewe picha yake na kanga moja ya marehemu. Picha hiyo isifichwe na mlezi kwa kuogopa kwamba mtoto hatamwita yeye mama.

Nimwulize aliyoyapitia?

Usimhoji, acha mlango wazi. Watoto huzungumza mikono ikiwa na kazi, mkimenya ndizi au mkitembea kwenda dukani, na mlezi anayesimama ghafla na kukodoa macho huyafunga maneno hayo kwa mwaka mzima. Endelea kumenya, mwitikie, mwambie unamwamini na kwamba hakukosea.

Akieleza kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono hivi karibuni, mambo hubadilika na saa zina thamani. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Mpeleke hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utapata PF3, fomu ya polisi ya kupelekea matibabuni mtu aliyeumizwa. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi. Namba 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto, na mtu mzima anaweza pia kuipiga. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa ya mtoto anayekiukwa haki zake aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kikao cha ukoo cha kulipana mbuzi na kuyamaliza kinamlinda mkosaji peke yake.

Kuna tiba? Tunaipata wapi?

Ipo, na sehemu ya ushahidi wake ulitoka Moshi. Watafiti walichukua tiba ya mazungumzo iliyoundwa kwa ajili ya watoto wenye kiwewe, wakaifanya ya vikundi kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi, na wakawafundisha watu wa kawaida wasio na shahada ya saikolojia kuiendesha. Jaribio la kwanza Moshi lilihusisha watoto 64. Jaribio kubwa lililofuata, lililotangazwa mwaka 2020, lilihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, mjini na vijijini, Moshi na Bungoma nchini Kenya, pamoja na walezi wao. Mara baada ya tiba, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliotibiwa kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida tu, katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilibaki Kenya. Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Nayataja yote mawili kwa sababu tiba hii si uchawi. Ndani yake mtoto hufundishwa kutuliza mwili, kutaja hisia, kisha kusimulia kidogo kidogo kilichotokea, na mlezi hufundishwa kumsikiliza.

Kwa mtoto wako, anzia kituo cha afya au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, au KCMC ukiwa na rufaa, na uulize huduma za afya ya akili. Nenda upesi ikiwa mtoto anajiumiza, anazungumzia kufa, hali chakula, halali usiku, au anawagusa watoto wengine kingono. Usimpe dawa za usingizi za kununua dukani.

Tunahitaji karatasi za kisheria kumlea?

Mtoto wa ndugu hulelewa na familia kwa desturi, lakini afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe, hasa pakiwa na ugomvi wa mali au wa malezi. Asiye ndugu hawezi kujichukulia mtoto, hata aliyemwokota. Lazima apitie Ustawi wa Jamii, ambako utaratibu wa malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto asiye wako bila kumfanya wako kisheria, hufuatwa. Kuasili ni hatua nyingine, huhitaji amri ya mahakama, na humfanya mtoto kuwa wako kisheria. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe mapema, maana kitadaiwa shuleni.

Mimi ni bibi, nimechoka, na wakati mwingine namchukia mtoto huyu. Je, mimi ni mtu mbaya?

Hapana, mama. Kulea mtoto anayekusukuma mbali kila siku huchosha hata mwenye umri wa miaka 30 na mshahara. Hasira ikipanda, mweke mtoto mahali salama, toka nje, simama chini ya mgomba mpaka pumzi irudi, kisha urudi. Ukipandisha sauti, mwombe radhi jioni ileile. Mtoto aliyeumizwa hajawahi kumwona mtu mzima akifanya hivyo, na litamkaa. Omba vitu vinavyotajika kwa watoto wako walioko mjini: Jumamosi moja kwa mwezi, ada, mfuko wa mchele. Maneno ya "tunakuombea mama" ni mazuri, lakini hayafui shuka.

Ndugu wa baba yake wamejitokeza na wanataka kumchukua. Nifanyeje?

Kwanza afisa ustawi wa jamii afike huko na kuiona nyumba, hasa ikiwa mateso yalitokea upande huo. Ikithibitika kwamba kuhama kunamfaa, kusifanyike kwa siku moja. Wamtembelee kwako mara kadhaa, kisha ashinde kwao, kisha alale siku mbili akiwa na mto wake na kopo lake la karanga. Mwambie tarehe, mwonyeshe kwenye kalenda, na jibu maswali yale yale kila anapoyarudia. Andika kwenye karatasi anachokula, kinachomtisha, anavyotulizwa na dawa anazotumia, uwape. Baada ya kuhama umpigie simu siku na saa mlizopanga, hata kama atakataa kuzungumza nawe mara za mwanzo. Mwombe aliyempokea aweke simu karibu naye ili asikie kwamba umepiga.